Simu Iliyokataa Laini

Msusi aliweka boksi tupu la simu juu ya meza ya Inspekta, akalisukuma mbele kwa vidole viwili, kisha akavuta kiti na kukaa bila kukaribishwa.

"Mdogo wangu hayuko huko wanakosema yuko," alisema. "Na ushahidi wangu ni huu hapa."

Inspekta alilitazama boksi. Katika chumba kile alikuwa ameshaletewa ushahidi wa kila namna: viatu vya mguu mmoja, meno ya bandia, siku moja hata mbuzi, aliyekula nusu ya pazia kabla hajatolewa. Boksi tupu lilikuwa geni kwake.

Nyuma ya msusi alisimama mwanamume mrefu mwenye mikono yenye makovu ya cheche. Alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, na alikuwa mume wa huyo mdogo mtu. Uso wake ulionyesha wazi kwamba hakuja kituoni kwa hiari yake, bali ameburutwa na shemeji yake.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Mdogo wa msusi alikuwa mshonaji. Wakala mmoja wa ajira, anayejiita Meneja, alimpatia kazi katika kiwanda cha nguo kwenye mji wa mbali. Mumewe alimsindikiza stendi, akamkabidhi kwa Meneja, akarudi nyumbani kwa watoto. Tangu siku hiyo hakuna aliyesikia sauti yake. Ulikuja ujumbe tu, kutoka kwenye namba mpya, na mume aliusoma kwa sauti kama mtu anayesoma tangazo la harusi yake mwenyewe.

"Nimefika salama na kazi nimeanza. Huku mtandao wetu haushiki, kwa hiyo nimeweka laini ya huku kwenye simu yangu. Msipige, kazini haturuhusiwi. Nitawaandikia. Wabusu watoto."

"Mbona ni habari njema," Inspekta alisema.

"Ndivyo ninavyomwambia, afande!" mume alidakia. "Nyumba nzima imefurahi. Mama yangu kanenepa kwa furaha. Ni shemeji peke yake."

"Ingekuwa njema kama ingewezekana," msusi alisema. "Afande, ile ni simu ya mkataba. Tulikwenda kuinunua pamoja, kwenye duka la kampuni ya mtandao. Unapewa kwa bei nafuu, kampuni inabeba sehemu kubwa, halafu na wewe unakuwa mtu wao miaka miwili. Nilisaini mimi kwa sababu wanataka mwenye biashara iliyosajiliwa. Muuzaji alituambia mpaka akachoka: simu hii inakubali laini yao tu. Ukiweka ya mtandao mwingine, inakataa. Haya, nielezeni. Hiyo laini ya huku imeingiaje?"

"Mimi nilimwambia anunue simu huru," mume alisema, akimgeukia Inspekta kama anayetafuta refa. "Utatoboka mfuko siku ya kwanza, lakini ukitoka dukani ni yako, laini yoyote inaingia. Akamsikiliza dada yake. Wakaniletea nyumbani simu ya ndoa."

"Simu ya nini?"

"Ya ndoa. Ndivyo tunavyoziita mtaani. Imeolewa na mtandao mmoja, ukiiletea mwingine inanuna."

Inspekta alitaka kucheka, akajizuia kwa sababu msusi alikuwa bado anamkazia macho.

"Labda amenunua simu nyingine."

"Ujumbe unasema simu yangu," msusi alijibu. "Kwenye simu yangu. Si nyingine."

Inspekta alichukua simu ya mezani, akaipiga ile namba mpya. Haikupatikana. Alimwuliza mume kama imewahi kupatikana hata mara moja. Mume alisema hapana, ujumbe ukishaingia namba inazimwa, lakini kazi ni kazi, na mabosi wengine ni wanoko. Hapo Inspekta aliacha kumwonea huruma na kuanza kumwangalia vizuri. Mume aliyelala usingizi mzuri kiasi hicho ama ni mjinga wa kawaida, ama anajua kitu.

"Unanificha nini?" aliuliza.

"Mimi?"

"Wewe. Kila shemeji yako akitaja mkataba unatazama dari."

Mume alikuna kidevu. Alimtazama msusi, akatazama mlango, akaona mlango uko mbali.

"Niliipeleka kwa fundi," alisema kwa sauti ndogo. "Kabla hajasafiri. Nikajua huko aendako atahangaika na simu ya laini moja. Fundi akaifungua. Nilificha kwa sababu mkataba ni wa shemeji, na shemeji mnamwona."

Msusi hakufoka. Ingekuwa heri angefoka. Alilitazama boksi lake, na uso ukamshuka, maana hoja yake yote ilikuwa imebebwa na yale maneno ya muuzaji, na sasa yamevunjika mbele ya polisi. Alinyoosha mkono alichukue boksi.

"Liache," Inspekta alisema. "Huyo fundi anakaa wapi?"

*

Fundi simu alikuwa na kibanda chini ya ngazi za jengo la maduka, na watu wote wa pale walimwita Daktari. Alikuwa na lenzi ndogo jicho la kulia na bisibisi nyembamba mdomoni. Inspekta alisubiri mteja aondoke, akaweka boksi juu ya kaunta.

"Aina hii unaifahamu?"

"Kama ndugu yangu wa damu, mama."

"Kuna mchomelea mageti alikuletea moja. Ya mkataba. Alitaka uifungue ikubali laini zote."

"Wateja ni wengi."

"Huyu ana makovu ya moto mikononi."

Daktari alitoa bisibisi mdomoni. "Ah, yule. Ndiyo. Nilimfungulia."

"Ilifunguka?"

"Kazi yangu haina marejesho."

Kwenye meza yake, kati ya nyaya na betri zilizovimba, Inspekta aliona simu ya aina ile ile, yenye kibandiko cha kampuni ya mtandao mgongoni. Aliinyanyua.

"Hii nayo ni ya mkataba?"

"Ni ya mteja, imepasuka kioo tu."

"Ifungue nione."

"Saa hizi?"

"Sina haraka."

Daktari aliichukua, akaichomeka kwenye kompyuta yake, akabonyeza hiki, akabonyeza kile. Akasema intaneti iko chini. Akasema hii ni toleo la juzi juzi. Akafuta jasho, na chini ya ngazi zile palikuwa na ubaridi wa kutosha.

Inspekta aliegemea kaunta na kushusha sauti.

"Nisikilize. Mteja uliyemdanganya si shida yangu, na sikuja kufunga kibanda. Kuna mwanamke hajulikani aliko. Ana watoto wawili. Nikitoka hapa nikiamini simu yake ilifunguka, basi ujumbe aliotuma ni wa kweli, ninafunga jalada, na hakuna mtu duniani atakayemtafuta. Sasa nakuuliza mara ya pili. Ilifunguka?"

Daktari alivua lenzi. Bila lenzi alionekana mdogo, na mwenye hofu.

"Haikufunguka, mama."

"Ulimwambia imefunguka."

"Alikuwa na haraka ya safari. Nikaizima, nikaiwasha, nikamwambia tayari. Hakuwa na laini nyingine ya kujaribia. Zile za zamani nilikuwa nazifungua huku nakula karanga, lakini hizi ufunguo wake uko kampuni, na kampuni hawautoi mpaka mkataba uishe. Nikajua akigundua atakuwa ameshafika mbali."

Msusi alikuwa sahihi, tena kwa sababu ambayo hata yeye hakuijua. Simu ile haikuweza kubeba laini mpya, na mume aliyeamini inaweza alikuwa amedanganywa. Ujumbe ulikuwa umetoka kwenye simu nyingine, na aliyeuandika alikuwa mtu aliyetaka familia iamini ni ile ile.

"Nionyeshe kinachotokea," alisema. "Weka laini ya mtandao mwingine humo."

Daktari alichomoa laini kwenye simu yake mwenyewe, akaipachika kwenye ile ya mkataba, akaiwasha. Kioo kilikaa kimya kidogo, kisha yakatokea maandishi kwamba laini haikubaliki, iwekwe namba ya kufungulia. Hakuna jina la mtandao wala alama ya mnara. Chini kabisa kulikuwa na neno moja jekundu.

"Hiyo nini?"

"Dharura. Hiyo haijaolewa na mtu, mama. Hata ukitoa laini kabisa, namba ya dharura inapita. Mnara wowote ulio karibu unaibeba."

"Na mtu asiyezijua simu hizi, akiona kioo hiki, atafanya nini?"

"Atasema imekufa. Wananiletea kila siku wakilalamika ni mbovu. Mtu aliyezoea simu huru hajawahi kuona maandishi haya maishani mwake. Ataweka laini yake, itakataa, ataitukana, ataitupa kwenye kona."

"Ataitupa kwenye kona," Inspekta alirudia. Alikuwa ameshachukua boksi na anaondoka. Chini ya boksi, kwenye kibandiko cheupe, kulikuwa na ile namba ndefu ambayo kila simu huzaliwa nayo.

*

Kituo cha kupokea simu za dharura kilikuwa ghorofa ya tatu ya jengo la serikali, chumba kirefu chenye mapazia yaliyofungwa mchana kutwa. Watu walikaa kwa safu wakiwa na spika masikioni, wakiuliza maswali yale yale kwa sauti ile ile. Mpokea simu wa zamu alikuwa mama wa makamo mwenye sweta. Inspekta alimsomea namba ndefu ya kwenye boksi. Mama aliiandika, akabonyeza, akaguna.

"Huyu tunamjua. Ni msumbufu."

"Msumbufu kivipi?"

"Simu isiyo na laini. Inapiga, haisemi neno, inakata. Afande, hizi tunazipata mamia. Watu wanawapa watoto simu mbovu wachezee, mtoto anabonyeza dharura kutwa. Huku mtu amepata ajali anashindwa kutupata. Sasa tuna utaratibu. Ikirudia rudia bila kusema, tunaizuia."

"Hii mmeizuia?"

"Juzi."

"Na tangu mmeizuia, imepiga tena?"

Mpokea simu alishusha macho kwenye kompyuta.

"Imepiga jana. Na leo asubuhi."

"Anasikia nini akipiga?"

"Kuna sauti imerekodiwa," alisema polepole. "Inamwambia aache mchezo. Kwamba ni kosa kisheria."

Hasira ilimpanda Inspekta. Haikuwa ya kumtolea mtu yeyote pale, maana mama yule alikuwa ameshaelewa. Inspekta aliomba kusikilizishwa zile simu za mwanzo. Zote zilifanana. Mpokeaji anauliza nikusaidie nini, anauliza tena, anasema kama ni mchezo acheni. Nyuma yake kulikuwa na mngurumo unaopanda na kushuka, wenye vituo vya ghafla. Inspekta alizijua mashine hizo tangu utoto: cherehani, na si moja. Karibu kabisa na simu, mtu alikuwa anapumua kwa mdomo wazi, akijitahidi asisikike.

"Mnara gani?" aliuliza.

Mpokea simu alimwonyesha. Hakukuwa na mji wa mbali. Ulikuwa mnara wa eneo la maghala nyuma ya reli, jirani kabisa na saluni ya msusi. Mshonaji alikuwa hajavuka hata mpaka wa mji wake.

"Nipigie nimwongeleshe."

"Haina laini, afande. Haina namba ya kupigiwa. Tunaweza kumsubiri tu."

"Basi iondolee kizuizi. Sasa hivi."

Koplo alitumwa kwenye maghala na gari la kawaida lisilo na alama, akiwa na askari wanne wenye mavazi ya kiraia. Alifika, akapiga simu kuripoti kwamba maghala yamejaa barabara yote, mengi yamefungwa kwa kufuli, na kila moja linanguruma kitu. Kuvunja mlango usio wenyewe kungempa Meneja muda wa kutosha kufanya lolote alitakalo. Inspekta alimwambia akae kwenye gari, asizime simu.

Walisubiri. Inspekta alikuwa amevaa spika za mpokea simu, na alikataa chai mara mbili. Kilichomkera zaidi ni betri. Bila shaka mshonaji aliiokota simu baada ya Meneja kuitupa kama mbovu, lakini hakuwa na chaja mle ndani, kwa hiyo lazima alikuwa anaizima simu na kuiwasha wakati wa kupiga tu, na kila alipoiwasha alijibiwa aache mchezo. Hakuna mtu anayeweza kuvumilia jibu hilo siku zote. Huenda ya asubuhi ndiyo ilikuwa ya mwisho.

Kitaa cha kijani kikawaka.

Mpokea simu alimshika bega bila kujua anachofanya. Mngurumo ule ule uliingia masikioni, na pumzi ile ile.

"Usiseme neno," Inspekta alisema. "Mimi ni polisi. Dada yako ndiye aliyenileta. Gonga kwa kucha kwenye simu. Mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Unanisikia?"

Kucha ikagonga, mara moja.

"Wewe ni mshonaji, mke wa mchomelea mageti?"

Mara moja, kwa nguvu, na baada yake kwikwi iliyokatwa katikati.

"Vizuri. Usilie sasa, utalia baadaye. Yupo mtu anayekulinda karibu?"

Mara moja.

"Anakuona?"

Mara mbili.

Inspekta alichukua simu yake kwa mkono wa pili. "Koplo, endesha taratibu kutoka mwanzo wa barabara. Kila ghala ukilipita, piga honi mara moja, kama dereva mwenye fujo. Usisimame." Kisha akarudi kwenye spika. "Kutakuwa na honi nje. Ikisikika mbali, nyamaza. Ikiwa pale pale mlangoni kwako, gonga."

Wapokea simu wengine walikuwa wanaendelea na kazi kwa kunong'ona. Kwenye sikio moja Inspekta alimsikia Koplo akitaja anachopita: ghala la saruji, ghala la matairi, geti la bluu, ukuta. Kwenye sikio la pili, mngurumo tu. Koplo akasema amefika kwenye ghala lenye madirisha yaliyozibwa kwa mbao, halina bango. Akapiga honi.

Kucha ikagonga. Ikagonga tena na tena, kwa fujo, kama mtu anayebisha mlango wa nyumba inayoungua.

"Nimekusikia," Inspekta alisema. "Nimekusikia, tulia. Koplo, ni hapo. Geuza mbele, rudi kwa miguu, mzunguke nyuma kwanza." Alifumba macho apange swali linalofuata, maana askari walikuwa wanaingia gizani na yeye ndiye aliyekuwa macho yao. "Walinzi, gonga idadi."

Mara mbili. Au hapana. Inspekta alijilaani, akauliza upya kwa makini, na jibu likawa walinzi wawili.

"Na wewe uko peke yako na hao?"

Mara mbili.

"Wapo wenzako? Walioletwa na Meneja?"

Mara moja.

"Gonga mara moja kwa kila mwenzako. Polepole. Nataka askari wajue."

Inspekta alivuta karatasi. Alitegemea wawili au watatu, na kila kucha ilipogonga alichora kijistari. Wakatimia watatu. Wakatimia watano. Mpokea simu aliyesimama pembeni aliweka mkono mdomoni. Wote hao walikuwa na simu, na simu zao zilikuwa huru, laini ya Meneja iliingia bila ubishi, na kwao ulifika ujumbe mzuri, nimefika salama, wabusu watoto. Mahali fulani kulikuwa na mama zao walionenepa kwa furaha.

Alichora cha kumi na moja, akageuza karatasi upande wa pili, kwa sababu kugonga kulikuwa bado kunaendelea. Mezani kwake kituoni kulikuwa na jalada moja tu. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuja kuripoti.